Kisa cha bindingi ya SQLite: memori iliacha kuvuja, data ikaanza kuharibika

## Kuhusu kisa hiki

Majina ya kampuni, mji na wahusika nimeyatoa, na maelezo machache ya biashara nimeyabadilisha ili mtu asitambulike, lakini upande wa kiufundi nimeuacha ulivyokuwa. Mimi niliingia mwishoni kabisa, timu ilipotaka mtu wa nje awapitie msimbo, kwa hiyo mengi ya mwanzo nimeyapata kwenye historia ya Git na kwa kuwauliza wao wenyewe.

Kilichonifanya niandike ni hiki: memori ilikuwa inavuja (programu inaiomba na hairudishi), wakaziba, na ile ziba ikawa mbaya kuliko kuvuja kwenyewe. Na hawakuwa wazembe, ni watu wanaojua kazi. Tatizo ni kwamba kwenye msimbo wao hakuna mahali popote palipoandikwa kila pointa (anwani ya kipande cha memori) ni ya nani, yaani nani wa kukirudisha.

## Mazingira

Ni mfumo wa mauzo na stoki wa maduka yenye matawi. Kila tawi lina kompyuta ya Windows yenye databesi yake ya SQLite (laibrari ya C inayotunza databesi ndani ya faili moja), keshia anauza hata mtandao ukilala, mtandao ukirudi mabadiliko yanapelekwa makao makuu kwenye seva ya Linux, na makao makuu nayo yanarudisha bei mpya na bidhaa mpya. Kila kitu kimeandikwa kwa Python.

Kwa kazi ya kusawazisha walichagua nyongeza ya sesheni iliyomo ndani ya SQLite tangu toleo 3.13.0 la mwaka 2016. Kwa ambaye hajaitumia: unaanzisha sesheni juu ya koneksheni, unaiambia ifuatilie jedwali zipi (kwa kawaida lazima ziwe na PRIMARY KEY), watu wanaendelea kuuza, halafu ukiitaka inakupa "chenjiseti", yaani rundo moja la baiti lenye kila kilichoongezwa, kilichobadilishwa na kilichofutwa. Unalituma upande wa pili, linapakwa pale. Ni kitu kizuri sana na watu wengi hawajui kama kipo.

Shida ni kwamba moduli ya `sqlite3` inayokuja na Python haikufungulii mlango huo. Na huwezi kuazima koneksheni yake, kwa sababu sesheni lazima ining'inie kwenye pointa ileile ya `sqlite3*` inayoandika data, na moduli ile pointa yake imeificha. Kwa hiyo wakajenga SQLite yao wenyewe kwa `SQLITE_ENABLE_SESSION` na `SQLITE_ENABLE_PREUPDATE_HOOK`, wakaandika bindingi, yaani daraja la kuita fankisheni za C kutoka Python, kwa ctypes (moduli ya Python ya kazi hiyo): kufungua, kuandaa stetimenti (amri ya SQL), kubaindi (kuijaza thamani), kusoma safu, kufunga, pamoja na zile za sesheni. Fankisheni kama 20 hivi, faili moja. Wakati ule uamuzi ulionekana mdogo.

## Mambo yalivyokwenda

### Toleo la kwanza: linavuja, ila data ni salama

Fankisheni ya `sqlite3session_changeset` inakupa vitu viwili, urefu na pointa, na nyaraka za SQLite zinasema wazi kwamba bafa hiyo (kipande cha memori chenye zile baiti) ni jukumu la aliyeita, airudishe kwa `sqlite3_free`. Toleo la kwanza lilikopi baiti kwa `ctypes.string_at`, likarudisha `bytes` ya Python, na pointa likaisahau hapohapo. Kila chenjiseti ikaacha kipande cha memori ambacho hakuna tena anayejua anwani yake.

Matawini hakuna aliyeona, maana kompyuta zinazimwa kila jioni duka likifungwa. Makao makuu prosesi inakaa wiki na wiki, inatengeneza chenjiseti za bei kwa kila tawi, memori ikawa inapanda taratibu mpaka seva inaanza kukokota. Wakafungua `tracemalloc`, kifuatilia memori cha Python, haikuonyesha kitu, na hii ni sehemu inayowapotezea watu muda mwingi: `tracemalloc` inaona memori iliyoombwa kupitia alokata (wagawa memori) za Python tu, ya SQLite haiijui kabisa. Kwa hiyo Python inakwambia "mimi nipo sawa" huku prosesi inavimba.

Aliyewatoa gizani ni `sqlite3_memory_used()`, fankisheni ya SQLite yenyewe inayotaja baiti ngapi zimeombwa na hazijarudishwa. Wakaichapa kwenye logi kabla na baada ya kila usawazishaji, namba ikawa inapanda kwa kiasi kilekile cha ukubwa wa chenjiseti. Hapo mjadala ukaisha.

### Jaribio la kwanza la kuziba

Mmoja akaita `free` ya libc (laibrari ya msingi ya C) moja kwa moja. Kwenye Linux prosesi ikafa palepale na ujumbe `free(): invalid pointer`. Sababu yake inafaa kuijua: SQLite ikijengwa kwa mkono bila kuambiwa kama mfumo una `malloc_usable_size` (fankisheni inayotaja ukubwa wa kipande cha memori), huwa inaomba baiti 8 za ziada, inaandika ukubwa pale mwanzoni, halafu inakupa pointa iliyosogezwa mbele baiti 8. Pointa uliyonayo siyo ile iliyotoka `malloc`, fankisheni ya C ya kuomba memori, sasa ukiipeleka `free` haitambuliki. Sufuria ya kukodi unairudisha kwa uliyemkodi, humpelekei fundi aliyeitengeneza. Hili halikuwauma sana kwa sababu lilianguka kwa kishindo, wakabadilisha kwenda `sqlite3_free` siku hiyohiyo.

### Jaribio la pili, ndilo lililoleta balaa

Wakatengeneza klasi ya `Chenjiseti`. Inashika pointa na urefu, ina `__del__` (mbinu ambayo Python huiita objekti inapokufa) inayoita `sqlite3_free`, na kwa kuwa walikuwa wameshafungua kidonda wakaamua waongeze na spidi: badala ya kukopi, mbinu ya `view()` inarudisha `memoryview`, yaani dirisha la kuitazama memori pale ilipo, juu ya `(c_char * n).from_address(p)`. Hakuna kopi, memori inarudi yenyewe objekti ikifa. Kwenye karatasi inapendeza. Wakapima, `sqlite3_memory_used()` ikakaa bapa, wakasambaza matawi yote.

Baada ya muda makao makuu yakaanza kukataa baadhi ya vifurushi vya chenjiseti kwa kosa namba 11, `SQLITE_CORRUPT`. Sasa maandishi ya kosa hilo kwenye SQLite ni "database disk image is malformed", na timu ikaamini, kama ambavyo mtu yeyote angeamini, kwamba faili la databesi la makao makuu limeharibika. Wakaendesha `PRAGMA integrity_check`, jibu ni `ok`. Wakabadilisha diski. Wakarejesha bakapu. Kosa likaendelea, kwa sababu `sqlite3changeset_apply`, fankisheni inayopaka chenjiseti, hutumia namba hiyohiyo 11 kusema chenjiseti uliyoileta ndiyo mbovu.

Kisha mtu akagundua kwamba vifurushi vibovu vyote vinatoka matawi yenye mtandao wa kusuasua. Wakaulaumu mtandao! Na ilikuwa karibu kabisa na ukweli, ila kwa njia ambayo hawakuitegemea.

Njia ya kutuma ilikuwa hivi. Mtandao ukiwepo, msimbo unasema `cs = sesheni.chenjiseti()`, unachukua `cs.view()`, unatuma, fankisheni inaisha. Muda wote `cs` ni hai. Mtandao usipokuwepo, ile `view` inawekwa kwenye foleni ndani ya memori na fankisheni inarudi. Ikirudi, `cs` haina anayeishika tena, CPython (Python ya kawaida) inahesabu refarensi, yaani wanaoishika, inakuta sifuri, `__del__` inaitwa papo hapo, `sqlite3_free` inafanya kazi yake. Kwenye foleni imebaki `memoryview` inayoangalia memori ambayo si yetu tena. Mtandao ukirudi inatumwa, na kilichomo ni chochote kile ambacho prosesi imeshaandika pale katikati.

Na testi zote zilikuwa kijani, maana kila testi iliweka chenjiseti kwenye variabo na kuitumia ndani ya fankisheni hiyohiyo.

### Krashi mbili nyingine zilizojificha nyuma

Wakati wanahangaika na hilo kulikuwa na krashi za aina mbili ambazo hakuna aliyezipa uzito.

Ya kwanza hutokea wakati wa kufunga programu. `Koneksheni` ilishika orodha ya sesheni zake, kila `Sesheni` ikashika koneksheni yake, yaani duara, na zote mbili zina `__del__`. Tangu Python 3.4 ilipokuja na PEP 442, gabeji kolekta (inayofagia objekti zisizotumika tena) inaweza kuvunja duara lenye `__del__`, zamani ilikuwa inaliacha tu, lakini haikuahidi itaanza na nani. Sasa nyaraka za sesheni zinasema koneksheni ikifungwa kabla ya sesheni kufutwa, basi kuita fankisheni yoyote ya sesheni hiyo, hata ile ya kuifuta, matokeo yake hayajulikani. Siku nyingine inapita, siku nyingine inakrashi. Duka limeshafungwa, keshia anazima kompyuta, nani atapiga simu?

Ya pili ilitokea katikati ya mauzo. Waliweka kichujio kwa `sqlite3session_table_filter` ili jedwali za mipangilio ya tawi zisifuatiliwe. Kolbeki ya Python (fankisheni ambayo SQLite itaiita yenyewe) wakaitengeneza kwa `CFUNCTYPE` ya ctypes ndani ya mabano ya mwito wenyewe, bila kuiweka popote. Kwa `sqlite3changeset_apply` mtindo huo haudhuru, kwa sababu kolbeki inatumika wakati mwito bado unaendelea. Kichujio ni tofauti, SQLite inakihifadhi na kukiita baadaye, siku ya kwanza mtu atakapoandika kwenye jedwali ambalo sesheni haijaliona. Kufikia hapo Python imeshaifuta ile kolbeki.

## Maamuzi waliyofanya, na kwa nini

Nilipoingia, kitu cha kwanza nilichoomba ni vifurushi vibovu vyenyewe, siyo logi. Bahati nzuri makao makuu walikuwa wanavihifadhi. Chenjiseti halali huanza na baiti 54 kwa heksi, yaani herufi T. Hivi havikuanza na T, vilianza na takataka, na baadhi katikati yake kulikuwa na vipande vya maandishi ya risiti. Mtandao hauwezi kukuwekea risiti ya mteja katikati ya kifurushi, hiyo ni memori iliyorudishwa ikapewa mtu mwingine. Na ile takataka ya mwanzo ni kawaida, alokata zikirudishiwa kipande huandika alama zao palepale mwanzoni mwa kipande. Kutoka hapo hadi kwenye foleni haikuchukua muda.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha kopi. Kulikuwa na ubishi hapa, aliyeandika `view()` alisema tunarudi nyuma, na hoja yake haikuwa ya kupuuza, lakini tulipopima, kukopi chenjiseti ya kawaida hakuonekani hata kwenye kipimo ukilinganisha na kuikandamiza na kuituma. Kwa hiyo klasi ya `Chenjiseti` ikafutwa yote. Pointa inazaliwa na kufa ndani ya fankisheni moja:

```python
def chenjiseti(self):
    n, p = c_int(), c_void_p()
    rc = lib.sqlite3session_changeset(self._p, byref(n), byref(p))
    try:
        angalia(rc)
        return string_at(p, n.value) if p.value else b""
    finally:
        lib.sqlite3_free(p)   # NULL haina neno
```

Walijaribu pia njia ya mkato kwa tatizo la kufunga: kutumia `sqlite3_close_v2` badala ya `sqlite3_close`. Hii fankisheni iliwekwa kwa ajili ya lugha zenye gabeji kolekta, ukiifunga koneksheni yenye stetimenti zilizo wazi haikatai, inaifanya "zombi" na kuiondoa pale stetimenti ya mwisho inapofungwa. Ila soma vizuri inachokisubiri: stetimenti, vishikio vya blobu na bakapu. Sesheni hazimo. Timu ilidhani zimo, ikaibadilisha, krashi zikapungua (kwa sababu sehemu nyingine zilikuwa za stetimenti kweli) na wakaamini wamemaliza. Tuliiacha ibaki, ni nzuri, lakini haikuwa jibu.

Jibu lilikuwa kupanga nani anamshika nani. Tukatoa pointa ya databesi kwenye `Koneksheni` tukaiweka kwenye kiobjekti kidogo tulichokiita `_Mpini`, hakina kitu kingine ndani yake zaidi ya pointa na namna ya kuifunga. Koneksheni inashika mpini, na kila sesheni inashika mpini uleule. Koneksheni inawajua watoto wake kwa `WeakSet` tu, yaani inawaona lakini haiwazuii kufa.

```python
class Sesheni:
    def __init__(self, kon):
        p = c_void_p()
        angalia(lib.sqlite3session_create(kon._mpini.p, b"main", byref(p)))
        self._p, self._mpini = p, kon._mpini
        kon._watoto.add(self)
        self._futa = weakref.finalize(self, _futa_sesheni, p, kon._mpini)

    def chuja(self, f):
        kb = AINA_YA_KICHUJIO(f)
        lib.sqlite3session_table_filter(self._p, kb, None)
        self._kichujio = kb   # iishi muda wote wa sesheni
```

Ukiangalia ule mstari wa `finalize` (unaopanga kazi ya kufanywa objekti ikifa), `_mpini` imepelekwa kama hoja japo `_futa_sesheni` haiitumii. Iko pale makusudi. `weakref.finalize` inazishika hoja zake kwa nguvu mpaka itakapoitwa, kwa hiyo hata kama programu ya mtu imeweka koneksheni na sesheni kwenye duara lake mwenyewe huko juu na gabeji kolekta ikalivunja kwa mpangilio inaoutaka, mpini hauwezi kufa kabla sesheni haijafutwa. Na prosesi ikiisha, `finalize` zilizobaki zinaitwa kuanzia iliyotengenezwa mwisho, sesheni kwanza, koneksheni baadaye, ndivyo tunavyotaka. Sharti lake ni moja, hoja zisimrudie `self`, la sivyo objekti haifi kamwe.

Hata hivyo fainalaiza, yaani hiyo `finalize`, ilibaki kuwa wavu wa chini. Njia rasmi ni `with` na `funga()`, na `funga()` ya koneksheni inapita kwa watoto wote kwanza. Fainalaiza ikilazimika kufanya kazi inatoa `ResourceWarning`, na kwenye testi onyo hilo ni kosa.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni karatasi moja. Tulikaa tukaandika jedwali la kila fankisheni inayopokea au kutoa pointa: nani mwenyewe, inarudishwa kwa nini, inaishi hadi lini. Mifano: pointa ya `sqlite3_column_text` ni ya stetimenti, inaisha ukisogea mstari mwingine. Bafa unayoipa `sqlite3changeset_start` ni yako, na lazima iishi mpaka iterata (inayosoma chenjiseti badiliko mojamoja) ifungwe (tukakuta sehemu nyingine ya bomu hapa, iterata ilikuwa haiishiki ile `bytes`). Ujumbe wa kosa wa `sqlite3_errmsg` ni wa SQLite, usiuguse, lakini ule wa `sqlite3_exec` ni wako, uurudishe. Laibrari ni moja, kazi zinafanana kabisa, ila umiliki unapishana. Huwezi kukisia kwa kuangalia aina ya data, nyingi ni `char*` au `void*` tu.

Tukiwa humo tukaweka `argtypes` na `restype` (aina za hoja na aina ya kinachorudi) kwa kila fankisheni. Bila hizo ctypes inachukulia kila kinachorudi ni `int`, na ukipeleka pointa kama namba ya kawaida ya Python, kwenye Windows ya biti 64 unapata kosa la "int too long to convert" huku Linux ikiikata kimyakimya. Afadhali ya Windows kwa hapo.

## Matokeo

Vifurushi vibovu viliisha. Krashi za kufunga na za katikati ya mauzo nazo ziliisha, na memori ya seva imekaa bapa.

Data iliyopotea ilikuwa habari nyingine. `sqlite3changeset_apply` hufanya kazi yote au haifanyi kabisa, kwa hiyo vifurushi vilivyokataliwa havikuacha nusu ya kitu, na databesi za matawi zilikuwa nzima. Tukatumia `sqlite3session_diff`, ambayo inalinganisha jedwali la databesi mbili zilizounganishwa na kuijaza sesheni tofauti zao, tukatengeneza chenjiseti mpya za kufidia. (Nayo inatoa ujumbe wa kosa kupitia pointa ambayo wewe ndiye wa kuirudisha. Ikaingia kwenye jedwali.)

Ulinganisho huo ndio uliotoa jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta. Kuna mistari ilikosekana makao makuu ambayo haikuhusiana na vifurushi vibovu kabisa. Kolbeki ya migongano (inayoitwa badiliko likigongana na data iliyopo) ilikuwa inatupa eksepsheni ya Python kwa aina moja ya data, na eksepsheni haiwezi kupita kwenye C, ctypes inaichapa kwenye stderr na kuendelea, halafu C inapokea thamani ambayo hukuichagua wewe. Kwao ilikuwa 0. Kwenye nyongeza ya sesheni 0 ni `SQLITE_CHANGESET_OMIT`, maana yake "liruke badiliko hili, endelea". Yaani hitilafu ya msimbo ilisomeka kama uamuzi halali wa kuacha data. Sasa kolbeki yote imefunikwa na `try`, likitokea lolote inarudisha 2, ambayo ni `ABORT`, na eksepsheni inahifadhiwa ili itupwe tena tukisharudi upande wa Python.

## Uchambuzi

### Yaliyowasaidia

Kuhifadhi vifurushi vilivyokataliwa. Bila zile baiti tungekuwa bado tunabishana kuhusu mtandao.

Kwenye kubaindi maandishi walikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. `sqlite3_bind_text` inakuuliza kwenye hoja ya mwisho: je, data hii itabaki, au niikopi? Walichagua `SQLITE_TRANSIENT`, ikopi. Na mnaona, hawakukosea kwa sababu API yenyewe inalazimisha swali la umiliki, huwezi kuita bila kujibu. Walipokosea ni pale ambapo jibu liko kwenye aya ya nyaraka tu na kompaila haikuulizi kitu. Ukiwa unaandika laibrari ya C ambayo wengine wataifungia lugha zao, hiyo ndiyo fadhila kubwa unayoweza kuwafanyia.

`sqlite3_memory_used()` nayo imebaki kwenye testi: zungusha usawazishaji mara nyingi, ita `gc.collect()`, namba irudi pale ilipokuwa. Ni testi ya mistari michache na inakamata uvujaji wowote mpya.

### Yaliyofeli

Kuziba uvujaji na kuondoa kopi ndani ya badiliko moja. Kila moja peke yake lingevumilika. `__del__` pamoja na kopi ni salama. `view` bila `__del__` inavuja lakini data ni sahihi. Zikiungana ndipo kifo. Na kuna hili ambalo sioni likisemwa vya kutosha, memori inayovuja inakuletea hasara ya aina moja tu, prosesi inavimba na mtu anairestati, wakati memori iliyorudishwa mapema inaandika uongo kwenye data na kuupeleka tawi jingine. Umbo la chenjiseti halina cheksamu (alama ya kuhakiki kwamba baiti hazijabadilika) ndani yake, ikitokea tarakimu moja ya bei imebadilika na mpangilio ukabaki halali, itapakwa vizuri tu. Sasa wanaweka SHA-256, alama ya kuhakiki ya aina hiyo, kwenye bahasha, inahesabiwa juu ya ile kopi.

Testi zilipima maumbo ambayo hayakuwa na hatari. Kwa bindingi, testi yenye maana ni ile inayoua mzazi kwa makusudi: chukua mtoto, `del` mzazi, `gc.collect()`, halafu mtumie mtoto. Tukaandika hivyo kwa kila jozi iliyomo kwenye lile jedwali, na kuziendesha na SQLite iliyojengwa kwa AddressSanitizer (zana inayokamata matumizi mabaya ya memori), laibrari yake `libasan` ikipakiwa kwa `LD_PRELOAD`, `PYTHONMALLOC=malloc` ili na memori ya Python yenyewe ionekane, na ukaguzi wa uvujaji ukizimwa kwa `detect_leaks=0` maana Python yenyewe ina kelele nyingi ikifunga. Toleo la zamani likaanguka kwenye testi ya foleni mara moja, na ripoti ikataja mstari uliorudisha memori na mstari uliosoma. `faulthandler` nayo (moduli ya Python inayochapa msimbo ulikuwa wapi prosesi ikikrashi) ingewashwa tangu mwanzo matawini ingewaonyesha krashi za kufunga zinatoka `__del__` ya sesheni.

Kuhusu uamuzi wa kuandika bindingi yao, nina mashaka. Siku hizi APSW, bindingi nyingine ya SQLite kwa Python, inafungua na sesheni pia, na mambo haya yote ya mpangilio wa kufa wameshayapitia. Timu imeamua kubaki na yao kwa sasa kwa sababu kubadilisha safu ya data matawini kote ni kazi ya peke yake, na bindingi ikiwa na jedwali na testi inaeleweka. Wamekubaliana kitu kimoja: fankisheni mpya ya SQLite haiingii kwenye faili lile mpaka mstari wake uwepo kwenye jedwali la umiliki, na anayepitia msimbo anaanza kusoma jedwali.

Suala la picha za bidhaa limebaki wazi. Chenjiseti zenye picha ni kubwa, kukopi kule kunaonekana. Aliyeandika `view()` ana pendekezo la kutumia toleo la mkondo, `sqlite3session_changeset_strm`, ambalo linakupa data vipandevipande kupitia kolbeki na kila kipande unakishughulikia papo hapo ndani ya mwito, hakuna bafa kubwa ya kubishania ni ya nani. Naona yuko sahihi, mradi tu asihifadhi kile kipande bila kukikopi.